Jinsi Nilivyotafuta Hitilafu Tumboni Mwangu

Najua nimeadimika. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na nitaliendeleza, lakini leo nina jambo jingine la kuwasimulia. Linahusu tumbo. Kama unakula saa hii, maliza kwanza.

Kwa miaka miwili tumbo langu lilinitesa. Lilikuwa linajaa gesi, linanguruma, kisha naharakisha kwenda msalani. Kuna siku tulikuwa tukiwaonyesha wateja mfumo tuliouandika kwa miezi minne, nikatoka chumbani mara tatu. Mara ya tatu mkubwa wangu akaendelea bila mimi. Kazi tuliipata, ila tangu siku hiyo sikupangiwa tena kuzungumza na wateja.

Nilienda kliniki moja, nikaambiwa ni amiba. Nikameza dawa, tumbo likabaki vile vile. Kliniki ya pili ikasema ni homa ya matumbo, nikapewa antibayotiki. Juma hilo nilipata nafuu kabisa! Nikashukuru dawa. Siku chache baada ya kuimaliza, yale yale yakarudi. (Likumbukeni juma hilo, nitalirudia.)

Basi nikaamua kujitibu mwenyewe. Nikawahukumu maharagwe. Ushahidi wangu ulikuwa huu: kila nilipoumwa nilikumbuka kwamba nilikula githeri. Siku nilizokula githeri nisiumwe, sikuzikumbuka hata moja. Nikaacha maharagwe miezi mitatu, nikawa nakula mayai na chapati, nikiteremshia na chai. Mambo yakawa mabaya zaidi.

Jioni moja nikiwa ofisini natafuta hitilafu katika programu ya mtu mwingine, nikajicheka. Kazini siwezi kubadilisha mistari mitano kwa mpigo halafu niseme najua ni upi uliorekebisha tatizo. Lakini kwa mwili wangu mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Nikafungua faili tupu ya maandishi. Kila mstari ulikuwa na vitu vinne: saa, nilichokula au kunywa, kiasi, na hali ya tumbo kuanzia 0 hadi 5. Niliandika papo hapo, kwa sababu kumbukumbu ya jioni hupenda kumtafuta mshukiwa yule yule wa zamani. Nikaendelea kwa siku 42, nikila kila kitu, maharagwe yakiwemo. Kisha nikaandika programu fupi ya Python ihesabu ni chakula gani kinaandamana na alama mbaya.

Maharagwe yaliachiliwa huru. Siku za githeri na siku zisizo na githeri zilikaribia kulingana. Lakini hakuna kingine kilichojitokeza! Nilikaa nikiikodolea macho skrini, ndipo nikaliona kosa. Chai ya maziwa ilikuwemo katika siku 41 kati ya 42. Kitu kilichopo kila siku, hesabu haiwezi kukishtaki, kwa sababu hakuna siku za kutosha za kulinganisha nazo. Na ile siku moja iliyobaki? Kibanda tunapokunywa chai kilikosa maziwa, tukanywa strungi. Alama ya tumbo: 0.

Siku moja si ushahidi. Ila hapo nilikumbuka lile juma la antibayotiki. Mfamasia alikuwa ameniambia dawa ile nisiinywe pamoja na maziwa, kwa kuwa maziwa huizuia isiingie mwilini vizuri. Mimi kwa woga nikaacha maziwa kabisa hadi dozi ikaisha. Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, nikakipa sifa kile kisichostahili.

Sasa nikafanya jaribio lenyewe. Wiki mbili bila maziwa, vingine vyote vile vile. Kufikia siku ya nne alama zilikuwa 0 na 1. Jumamosi asubuhi nikanywa gilasi moja ya maziwa, mililita 250. Baada ya saa moja hivi nilikuwa na 4. Nikaacha tena, tumbo likatulia. Nikarudia wiki iliyofuata, jibu likawa lile lile. Hapo ndipo niliposadiki.

Kinachotokea ni hiki. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na gilasi kama ile yangu ina gramu 12 hivi. Ili utumbo uifyonze, lazima kwanza ivunjwe na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga wanacho tele, lakini kwa watu wazima wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Laktosi isiyovunjwa hufika kwenye utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, gesi ikatoka, na maji yakavutwa. Mengine mnayajua.

Si kila mtu yuko hivyo. Mwaka 2007, watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha katika jarida la Nature Genetics matokeo ya kuwachunguza watu 470 wa Kenya, Tanzania na Sudan. Walipata mabadiliko matatu ya jeni yanayosaidia laktasi kuendelea hadi utu uzima, tofauti na yale ya Wazungu. Yaani wafugaji wa huku walipata suluhisho lao wenyewe. Mimi tu sikuletewa toleo hilo.

Sasa sehemu ngumu. Kwetu ni Kakamega. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyolipa karo yangu hadi nikaisomea tarakilishi chuo kikuu. Nikienda nyumbani, chai yake huwa maziwa matupu, maji ya kulowesha majani tu. Hiyo ndiyo heshima anayompa mtoto aliyetoka Nairobi. Ningemwambiaje kwamba maziwa ndiyo yanayoniumiza? Safari mbili nilikunywa nikanyamaza, nikaumwa usiku kucha.

Safari ya tatu nikamwambia. Akanitazama kitambo, kisha akacheka. Mama huniita "baba" kwa kuwa nilipewa jina la babake. Akasema, "Sasa baba, hata mwenye jina hakuwa akinywa maziwa mabichi. Alikuwa akisubiri yagande."

Miaka miwili, kliniki mbili, siku 42 za kuandika, na jibu lilikuwa jikoni kwa mama! Sikuwahi kumwuliza. Niliogopa kumvunja moyo, naye hakujua kwamba naumwa.

Babu hakukosea pia. Bakteria wanaogandisha maziwa huwa wameshakula sehemu ya laktosi, ndiyo maana wengi wetu tunayavumilia maziwa lala. Nimejaribu kikombe kimoja: alama 1. Nusu kikombe cha chai ya maziwa pia napita nacho. Vikombe viwili, hapana. Kwa hiyo sijaaga maziwa, nimejua tu kiasi changu. Siku hizi mama ananiwekea kibuyu kando.

Ukitaka kujaribu njia hii, zingatia mambo matatu. Kwanza, ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu au ukiwa na homa, achana na faili na uende hospitali. Pili, ukishuku ngano, usiiache kabla ya kupimwa, kwa maana kipimo cha ugonjwa wa siliaki huhitaji uwe bado unaila. Tatu, chakula kinachokuvimbisha midomo au kukubana pumzi ni mzio. Hicho usikijaribu nyumbani kamwe, kinaweza kuua.

Kwa waliobaki: andika papo hapo, badilisha kitu kimoja tu, kirudishe uone, na ukishuku kila kitu, shuku pia kile unachokitumia kila siku. Na kabla ya yote, mpigie mama simu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Ahadi. Mimi hapa nina strungi yangu yenye tangawizi, na mkutano wa wateja ni saa nane. Safari hii nitazungumza mimi.