Kidonge cha Futari

Nilipokuwa mdogo Kanazi, UKIMWI tuliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, lakini vijijini wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo waliodhulumiwa mali zao. Kanisani tukaambiwa ni adhabu ya dhambi. Hospitalini nako kulikuwa na ukali wake: mgonjwa aliyefika na hirizi kiunoni alikatiwa kwa mkasi kabla ya kuulizwa anaumwa nini. Akitoka hapo, harudi.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, shangazi yangu, Mwislamu, hakuchelewa kujiandikisha. Akapangiwa vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Ramadhani ikaingia. Sheikh alimweleza wazi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa ninayo, Sheikh," akasema. "Lakini jirani akiniona nakunywa maji mchana, nitamwambia naumwa nini?"

Saumu ilikuwa ibada yake, na stara yake pia. Basi kidonge cha asubuhi akawa anakiruka, na kliniki hasemi, akihofia kukaripiwa.

Aliyemwokoa ni muuguzi mmoja, Mlutheri, aliyemuuliza tu: "Mama, mwezi huu unafunga?" Shangazi akafunguka. Muuguzi akaenda kushauriana na daktari, akarudi, akafuta zile saa kwenye kadi na kuandika kwa kalamu nyekundu: daku, futari.

Mwaka 2011 watu wakamiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Wapo walioamini wamepona, wakaacha vidonge kabisa. Waliojua watapokewa bila kusimangwa walirudi kliniki mapema wakaanzishiwa dawa upya. Walioogopa maneno walibaki nyumbani hadi walipobebwa. Shangazi alikunywa kikombe, na vidonge hakuacha. Alikuwa na mtu wa kumwambia.

Siku hizi anameza kidonge kimoja kwa siku. Ramadhani anakimeza akishafuturu. Sheikh ni yuleyule, saumu ni ileile, na hirizi yake bado anayo. Waliobadilika ni watu wa kliniki, na badiliko lenyewe halikuhitaji fedha za wafadhili. Lilihitaji mtu wa kuuliza kabla ya kuandika saa kwenye kadi.