Kaseti Mbili na Waya Mmoja

Wako watu wanaodhani ya kuwa michezo ya mashine humfundisha mtoto choyo tu. Tutazame mmoja wao, Pokémon, maana yake mazimwi ya mfukoni. Ulitokea Japani mwaka 1996. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipokuwa mtoto alipenda sana kukamata wadudu. Akataka watoto wa siku hizi nao waonje furaha ile.

Kazi ya mchezaji ni kukusanya mazimwi 150. Lakini peke yake hawezi. Kaseti zilizoanza kuuzwa Ulaya mwaka 1999 zilikuwa za namna mbili, nyekundu na buluu, na kila moja ilikosa mazimwi 11 yaliyomo katika nyingine. Tena yako manne yasiyofikia ukubwa wake wa mwisho mpaka mwenyewe ayatoe kwa mwenziwe, kwa waya unaounganisha mashine mbili.

Mjomba alituletea toka Ubelgiji Game Boy mbili, moja yangu, moja ya kaka yangu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi. Siku moja nilimpa Machopeur wangu, naye akanipa kadogo kake. Machopeur alipotokea upande wa pili wa waya, aligeuka kuwa Mackogneur, mwenye mikono minne. Kaka alicheka kwa furaha.

Kaka alifariki mwaka 2014. Miaka kumi baadaye mjane wake alinipa kaseti yake, nami nikaziwasha zote mbili. Yangu ilikuwa tupu. Maana ndani ya kaseti mna betri ndogo inayotunza kumbukumbu. Ikiisha, yote hupotea. Betri yake ilikuwa ingali hai. Nikamkuta Mackogneur, na hapo limeandikwa jina la mwenyewe wa kwanza: jina langu.

Kumbe, wote niliojiwekea wamefutika. Yule niliyemtoa ndiye aliyebaki.

Betri ya kaka nayo itaisha, na ukiing'oa ili kuibadili, kumbukumbu hufutika vilevile. Basi nimeipeleka ile kaseti yangu tupu kwa fundi, akatia betri mpya. Mtoto wa kaka ameanza mchezo humo. Akifika pale panaporuhusiwa kubadilishana, tutafunga waya, naye Mackogneur atavuka tena.