Kwa Mpwa Wangu Aliye Shule ya Binafsi

Gikondo, Kigali

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba likizo ikifika hutaki tena kukaa na watoto wa jirani. Ndiyo sababu ya barua hii.

Anayesimama kando ya barabara ya Gikondo jioni huwaona vijana wa aina mbili wakirudi nyumbani. Wa kwanza hushuka kwenye basi la shule, sweta zina nembo kifuani, Kiingereza kinawatoka mfululizo. Wa pili hupanda kilima kwa miguu, vichwa vimenyolewa, wavulana wamevaa kaki na wasichana magauni ya buluu. Wengine wamezaliwa nyumba zinazopakana ukuta kwa ukuta, lakini wakifika darasa la sita hawajuani hata majina.

Kinachowatenga ni ada. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu iliweka kiwango cha mchango wa wazazi katika shule za umma: faranga 975 kwa muhula katika shule ya msingi, 19,500 sekondari ya kutwa na 85,000 sekondari ya bweni. Shule za binafsi hazikuguswa na agizo hilo, na hapa Kigali muhula mmoja unaweza kumgharimu mzazi laki kadhaa.

Fedha hizo zinanunua Kiingereza tangu chekechea. Mtoto wa shule ya umma alikipata kwa njia ngumu zaidi. Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yahamie kwenye Kiingereza, walimu wengi waliokuwa wamesomea Kifaransa walilazimika kujifunza lugha mpya huku wakifundisha kwa lugha hiyohiyo. Kijana anayemcheka mwenzake kwa sababu ya sentensi iliyopinda anamcheka mtu aliyebeba mzigo ambao yeye hakuubeba.

Vijana wengi hawajui kwamba baadhi ya shule za binafsi nchini zilianzishwa na watu waliofungiwa mlango. Mwaka 1973 wanafunzi Watutsi walifukuzwa mashuleni na chuo kikuu. Kisha, chini ya utawala wa Rais Habyarimana, ukaja mgawo wa nafasi kwa kabila na mkoa, ulioitwa iringaniza, na watoto waliofaulu mitihani wakabaki nyumbani. Wazazi wakachangishana wakajenga shule zao. APACOPE ya hapa Kigali, iliyoanzishwa na chama cha wazazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mojawapo. Walilipa ili aliyekataliwa apate dawati. Anayesoma leo katika shule ya binafsi na kumdharau asiye na ada anakwenda kinyume kabisa na wazazi wale.

Walimu pia wanastahili kukumbukwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, ada zilikatika, na walimu wengi wa shule za binafsi wakakaa miezi bila mshahara. Agosti 2022 serikali iliwaongezea walimu wa msingi wa shule za umma mshahara kwa asilimia 88. Wenzao wa binafsi hawakuhusika. Mwalimu anayemsahihishia mwanafunzi insha kwa kalamu nyekundu amepitia hayo, na adabu ya mwanafunzi kwake ni haki yake.

Tena, mtihani wa taifa wa darasa la sita ni mmoja kwa wote. Wengi wanaotoka shule za msingi za binafsi hutafuta nafasi katika sekondari za bweni za serikali, na huko hulala bweni moja na yule wa sare ya kaki, wakigawana ndoo na sabuni. Aliyekua bila kumzoea jirani yake hupata tabu siku hiyo. Na asiyesoma Kinyarwanda vizuri hupata tabu zaidi, kwa maana nacho ni somo la mtihani.

Kwa hiyo likizo hii fanya mambo mawili. Wakaribishe watoto wa jirani nyumbani jioni, msome pamoja vitabu vyako vya Kiingereza, nao wakusaidie Kinyarwanda. Kisha muulize baba yako anavyoipata hiyo ada, akueleze muhula kwa muhula. Mama yako amekubali sebule itumike, na madaftari nitaleta mimi Jumamosi.

Ni mimi mjomba wako.