Butembo: Fundi wa simu aeleza kwa nini mchezo wa nyoka bado unashinda

BUTEMBO – Kibanda chake kiko hatua chache kutoka soko kuu, katikati ya muuza makala na mama anayeuza viazi. Ndani kuna meza moja, kompyuta ya mkononi iliyopasuka pembeni, waya zinazoshuka kutoka paneli ya jua juu ya mabati, na mkebe wa biskuti uliojaa simu zilizokufa. Mwenye kibanda ana miaka thelathini na kitu. Alisomea mambo ya kompyuta, akatafuta kazi ya ofisi, akakosa, akaanza kutengeneza simu za watu. Hakutaka jina lake litajwe, kwa sababu itakayoeleweka mbele.

Ukimuuliza wateja wanalalamikia nini zaidi, hataji vioo vilivyovunjika. «Kioo kikivunjika, mtu anajua ni yeye aliyeangusha,» anasema. «Kinachomchosha ni simu nzima, haina hata alama, lakini inakataa kazi. Jana ilifanya, leo haifanyi, na hakuna aliyemwambia kwa nini.»

Lalamiko la kila siku ni unite zinazoyeyuka. Mtu anaweka unite asubuhi, mchana anataka kupigia ndugu Oicha, anaambiwa hana kitu. Fundi anaona wakaaji wana haki ya kushuku, kwa sababu wamewahi kukatwa kweli. Mwaka wa 2020 serikali ilianzisha RAM, daftari la kuandikisha simu zote nchini, na watu wakaanza kuona unite zao zikikatwa ili kuilipia. Kwa simu ya 3G au 4G ilikuwa dola 1 kwa mwaka. Watu walipiga kelele, bunge likapiga kelele, na mwaka wa 2022 ikaondolewa. Lakini kwenye kibanda hiki kila unite inayopotea bado inaitwa «RAM», hata kama mwizi ni mwingine.

Na mara nyingi mwizi yumo ndani ya simu yenyewe. Mwezi Agosti 2020 watafiti wa usalama wa simu walitangaza kwamba baadhi ya simu za bei ndogo zilizouzwa Misri, Ethiopia, Ghana, Kameruni na Afrika Kusini zilikuwa na programu mbaya tangu zikiwa kwenye boksi. Programu hiyo ilikuwa inamwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kugusa chochote. Congo haikutajwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, wafanyabiashara wa Butembo wanafuata mali Dubai na Guangzhou, inapita Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, na katika mizigo hiyo simu za bei ndogo hazikosi. Fundi anasema amekutana na programu ambayo ukiifuta jioni, asubuhi unaikuta imerudi mahali pake kama paka.

Kisha kuna jambo la WhatsApp, na hapa ndipo sauti yake inapopanda kidogo. Tangu tarehe 24 Oktoba 2023, WhatsApp haitumiki tena kwenye simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Sababu anaijua, na hata anaikubali nusu: mfumo wa zamani hautengenezwi tena, matundu yake hayazibwi, na anayetaka kuiba ujumbe wa watu ataingilia hapo. «Walioamua hivyo hawakukosea kwa upande wa kompyuta,» anasema. «Walisahau tu kwamba kuna mtu ameshika simu hiyo, na hana ya pili.»

Mtu huyo katika sehemu hizi ni nani, wasikilizaji wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa. Mauaji ya wilaya ya Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu hapo familia zimetawanyika: mmoja yuko Oicha, mwingine Butembo kwa shemeji, mwingine upande wa Mambasa. Wengi hawako kambini, wanaishi kwa watu waliowapokea, chumba kimoja watu kumi. Kinachowaunganisha ni ujumbe wa sauti. Wazee wengi hawasomi, lakini wanajua kubonyeza alama ya kinasa sauti na kusema kwa Kinande kwamba barabara si nzuri leo, msitoke. Siku simu inapoandika kwamba programu ni ya zamani mno, mzee anabaki nje ya habari zote za jamaa yake, na ya kwanza anayokosa inaweza kuwa ile ya msitoke.

Ugonjwa anaouchukia kuliko yote ni ule wa kufuli. Tangu Android 5.1, iliyotoka mwaka wa 2015, simu ikifutwa yote inauliza anwani na neno la siri vilivyotumika mwanzo. Ni kinga dhidi ya wezi, na ni kinga nzuri. Tatizo ni kwamba hapa kwetu anwani hiyo mara nyingi iliandikwa na kijana wa dukani siku ya kuuza, kwa haraka, kwa jina lolote, na mnunuzi akaondoka na simu bila kujua kwamba kuna neno la siri duniani linaloitwa lake. Miaka mitatu baadaye yuko ukimbizini, mtoto amechezea simu, simu imefutika, na inamuuliza swali ambalo hakuwahi kuwa na jibu lake. «Ile kufuli haijui kutofautisha mwizi na koko,» fundi anasema. Koko ni bibi.

Yeye kufungua anaweza. Na hapo ndipo inapoanza kazi ngumu, kwa sababu wezi pia wanajua kwamba anaweza. Vijiji vikishambuliwa, simu huporwa pamoja na mbuzi na magunia ya kakao, na baada ya wiki kadhaa baadhi ya simu hizo huonekana sokoni. Kwa hiyo kila anayeleta simu iliyofungwa anaulizwa kwanza: niambie jina la mtu mmoja aliye ndani yake. Wenye simu hujibu bila kufikiri, wanataja mtoto, mama, kiongozi wa kwaya. Wengine husema wanaenda kuchukua risiti nyumbani, na hawarudi. Wawili kati ya hao walimtazama vibaya walipoondoka, ndiyo maana jina lake halimo humu.

Simu tatu zilizoachwa hivyo ziko kwenye droo. Kila Jumatatu anazichaji na kuziwasha saa moja, huenda ndugu wa mwenyewe akapiga. Moja iliita mwaka jana. Alipoishika haraka akakuta ni tangazo la bahati nasibu.

Lakini hajakuwa mwangalifu siku zote. Katika mwaka wake wa kwanza wa kazi alipokea simu ya mzee mmoja wa Beni, nzito, inayokwama kila dakika. Akaiflashi, yaani akafuta kila kitu na kuiwekea mfumo upya, akairudisha ikiwa nyepesi kama mpya, na alijivunia. Mzee aliipokea, akaitafuta picha moja, hakuiona. Akauliza mtoto wake yuko wapi. Hakugomba, alilipa na kwenda. Tangu siku hiyo, kwenye ubao wa kibanda kumeandikwa kwa chaki: UNATAKA KUBAKI NA NINI?

Sasa michezo. Kwenye meza, kwa ajili ya wateja wanaosubiri, kuna Nokia 1100 yenye vitufe vilivyofutika namba. Simu hiyo ilitoka mwaka wa 2003, ina tochi kichwani, na dunia ilinunua zaidi ya milioni 250. Ndani yake kuna mchezo wa nyoka. Nyoka wa kwanza wa Nokia alitokea mwaka wa 1997 kwenye simu iliyoitwa 6110, kazi ya mhandisi Mfini, Taneli Armanto. Nyoka anakula, anarefuka, akijigonga amekufa, unaanza tena. Watoto wa wahamaji wanaotumwa kuchaji simu za familia huupigania mchezo huu kuliko simu za kioo kikubwa zilizoko pembeni. Msichana mmoja wa miaka kumi hivi ndiye anayeongoza, na fundi ameandika alama zake ukutani ili wakubwa waone aibu.

Kwa nini fundi mwenye kompyuta anautetea mchezo wa namna hiyo? Jibu lake linaanzia tarehe 31 Desemba 2018. Siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, ikarudi baada ya siku karibu 20. Beni na Butembo walikuwa na uchungu wa ziada: kura yao ilikuwa imeahirishwa hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, na rais aliapishwa Januari bila wao kupiga. Beni wakaaji walikuwa wamepanga mistari na kujipigia kura yao wenyewe, ya kuonyesha tu. Katika siku hizo za ukimya, fundi aliona jambo moja kwenye meza yake. Michezo mipya iliyotaka kwanza kuzungumza na mtandao haikufunguka. Nyoka alifunguka. Vyumba vya PlayStation 2 mitaani vilijaa vijana wanaocheza PES, ndoo ya maji ya klori mlangoni, unanawa kwanza kisha unashika kidude cha kuchezea. PlayStation 2 ilitoka mwaka wa 2000, na PES ya mwisho kutengenezewa mashine hiyo ilitoka 2013. Hakuna aliyeiuliza ruhusa mtu wa mbali.

«Ile michezo ilikuwa na makosa mengi,» anasema, «lakini makosa yake ni yale yale tangu siku ya kwanza. Unayazoea kama vile unavyozoea mlango wa nyumba yako.» PES yenyewe mwaka wa 2021 ilibadilishwa jina ikawa eFootball, ni bure kuipata, na kazi yake inategemea intaneti. Vijana wa mtaa wanaipenda. Yeye anahesabu mega inazokula, anakunja uso. Pengine anatia chumvi: mchezo mpya una uwanja wenye mvua na majani yanayolala, na nyoka ni vidoti tu. Hata hivyo, mtu anayepata umeme saa mbili kwa siku ana sababu zake za kupenda vidoti.

Wiki hiyo alikuja mama mmoja aliyekimbia upande wa Eringeti, sasa anaishi Butembo kwa dada wa mume wake. Mume aliuawa shambani kwenye kakao. Simu yake ni Android 4.4, na WhatsApp ilikuwa imegoma zamani. Fundi mwingine alikuwa amemwambia kwamba dawa ni kuiflashi. Alipofika hapa akasoma ubao polepole, akajibu: «Kubaki na sauti yake, fundi.»

Wengi hawajui kwamba inawezekana. Kwenye simu ya zamani, WhatsApp huweka kila ujumbe wa sauti kama faili ndogo katika folda yake, na faili hizo zinabaki hata kama programu inakataa kufunguka. Zile ulizotumwa na zile ulizotuma wewe ziko pamoja, na jina la kila faili limebeba tarehe yake. Mwenye simu kama hiyo asikubali ifutwe kabla faili hizo hazijatolewa. Kazi inayobaki ni kuzigeuza ziwe MP3 kwenye kompyuta, kwa kuwa redio ndogo na simu za vitufe hazisomi namna zilivyoandikwa.

Fundi alikuta sauti 63. Akazipanga kwa tarehe, za mume na majibu ya mke, akazitia kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi akaichomeka kwenye redio ya mama huyo, ile ile anayosikilizia habari. Hazikuwa maneno makubwa. Chumvi imekwisha. Kakao imeshuka bei. Nimefika Luna, nitalala huku. Mbuzi amekata kamba tena.

Katika moja, mume anaonekana amerudi nyumbani na simu mkononi, anacheka, anaita kwa nguvu: «Muko?»

Muuza makala wa jirani, aliyekuwa amegeuka upande wa barabara, akadhani ni mteja. «Tuko, baba, karibu!» akajibu.

Mama akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamwomba fundi airudishe pale mwanzo.