Kilambo: Uso wa mtu si cheti cha kuzaliwa

Kwenye kivuko cha Kilambo, salamu hutangulia tiketi. Mtu akishuka kwenye bodaboda, vumbi bado limemkaa kwenye kope, huwakuta watu wameketi kivulini na mizigo yao, na papo hapo ana hesabu ya kupiga. Yule mama mwenye beseni la samaki wakavu, aamkiwe shikamoo au aulizwe habari za saa hizi? Akikosea kwa kushusha, ataonekana hakufundwa kwao. Akikosea kwa kupandisha, mama ataitika marahaba ya kuvuta, kisha atawageukia wenzake: "Jamani, huyu kaniona bibi yake!"

Watu hucheka, mambo yakaisha. Lakini hesabu hiyo ya kukisia umri kwa kutazama uso haiishii kwenye salamu. Ndiyo inayoamua mtoto aanze shule lini, mzee atibiwe kwa utaratibu gani, na binti aonekane mtoto au mchumba. Hapo ndipo kukosea hakuchekeshi tena.

Mwisho wa njia, mwanzo wa maji

Kilambo iko kusini mwa mji wa Mtwara, safari isiyofika kilomita 50. Njia inapita kwenye mikorosho, minazi na mashamba ya mihogo, mpaka inapokutana na Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Namoto, wilaya ya Palma, nchini Msumbiji. Ukifuata mto kuelekea mashariki unaingia kwenye mikoko na Bahari ya Hindi, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Bahari iko karibu kiasi kwamba maji yake hupanda na kushuka mtoni. Kivuko husubiri maji yajae, na abiria husubiri kivuko. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali sana juu ya mto, kule Mtambaswala. Kwa hiyo anayetoka Mtwara kwenda Palma husubiri hapa, na wakati wa kusubiri kazi kubwa ni kutazamana.

Kuna mengi ya kutazama. Wamakonde wapo pande zote mbili za mto, na wengi wana mjomba au shangazi ng'ambo. Mara mojamoja hupita bibi mwenye chale usoni, nembo za ujanani mwake, au mwenye alama ya ndonya juu ya mdomo. Uso wa namna hiyo hutaja kizazi bila kuulizwa, kwa sababu desturi hizo zilififia katika karne iliyopita na mabinti wa leo hawana. Kutoka ng'ambo huja wanawake waliopaka msiro, unga mweupe unaopatikana kwa kusugua kipande cha mti kwenye jiwe lenye maji, kama liwa inavyosagwa mwambao wa huku. Wakiunawa, ngozi hung'aa, na aliyedhaniwa mama wa watoto watano akaonekana dada.

Jua, chumvi na ganda la korosho

Kwa nini watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja wasifanane umri? Jibu la kwanza liko angani. Mionzi ya jua ni miongoni mwa vitu vinavyozeesha ngozi zaidi ya vyote. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ndiyo maana mikunjo huchelewa kwa Waafrika wengi kuliko kwa Wazungu. Hata hivyo kinga hiyo haimalizi kazi. Mvuvi anayepigwa na jua la juu na lile linaloakisiwa na maji, kwa miaka 20, hutengeneza mistari pembeni mwa macho kwa sababu ya kukunja uso kutwa nzima. Sigara huongeza, na meno yakitoka mashavu huingia ndani, mtu akaongezewa miaka ambayo hajaiishi.

Mikono nayo ina habari zake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza na kuacha weusi kwenye vidole vya anayebangua bila kinga. Mama anaweza kuwa na uso wa miaka 30 na vidole vya miaka 60, na vyote viwili vikawa vyake.

Mwaka 2009 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa Denmark kwa mapacha zaidi ya 1,800 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Watu walionyeshwa picha za nyuso zao wakatakiwa kukisia umri. Ilionekana kwamba katika jozi ya mapacha, yule aliyedhaniwa mzee zaidi ndiye mara nyingi aliyetangulia kufa, na kadiri tofauti ya kukisiwa ilivyokuwa kubwa ndivyo hali hiyo ilivyozidi kuonekana.

Mapacha wamezaliwa siku moja. Kinachotofautiana ni maisha waliyopitia. Kwa hiyo uso hausemi uongo moja kwa moja, ila hujibu swali jingine. Ukiuuliza mtu ana miaka mingapi, wenyewe unakujibu ameishije.

Aliyezaliwa mwaka wa kimbunga

Wazee wengi wa mwambao huu hawakuzaliwa hospitali wala hawakuandikiwa tarehe. Umri wao umefungwa kwenye matukio. Mmoja atasema alizaliwa wakati wa ujenzi wa bandari ya Mtwara, ile iliyokuja na mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwingine alikuwa ananyonya kilipopita kimbunga cha Aprili 1952. Mwingine alikuwa mwali mwaka wa Uhuru, 1961, au alikuwa anaota meno Frelimo ilipoanza vita dhidi ya Wareno mwaka 1964, siku ambazo mto huu ulikuwa mpaka wa vita.

Hesabu hiyo ina kasoro ya mwaka mmoja au miwili, lakini ina mashahidi. Jirani aliyezaliwa msimu huohuo bado yupo, na mkubwa wao aliyewabeba mgongoni anakumbuka. Ni bora kuliko kutazama mvi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo. Mtu mwenye miaka 62 na nywele nyeusi anaweza kuambiwa bado kijana. Mwenye 54, mgongo umepinda kwa jembe, akapishwa mbele ya foleni bila kuulizwa. Wote wawili wamehukumiwa kwa sura.

Sikio la upande wa pili

Watu wazima wanaolea leo wengi wanakumbuka kipimo cha kuanzia shule. Mtoto alisimamishwa mbele ya mwalimu akaambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ukifika, karibu darasani. Usipofika, rudi nyumbani ukale ugali.

Kipimo hicho kilipima urefu wa mkono, na urefu wa mkono hautegemei miaka peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uligundua kwamba asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 30. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Kwa macho ya mpita njia huyo ni "mdogo, bado anakua", na mama husifiwa kwamba mwanawe hazeeki. Kumbe sifa hiyo inaficha upungufu wa chakula bora, au maradhi ya kuhara yaliyojirudia, hasa katika siku 1,000 za mwanzo tangu mimba itungwe. Mtoto wa miaka saba anayedhaniwa ana mitano anahitaji kupimwa. Kushangiliwa hakutamsaidia.

Upande wa pili wapo wanaotangulia. Msichana anaweza kuvunja ungo akiwa na miaka 10, mwenzake akafika 15. Wanakaa dawati moja, mmoja anaonekana mwanafunzi na mwingine anaonekana mwalimu wake.

Mkoani Mtwara jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu huku watoto huchezwa. Wavulana huenda jando na wasichana unyago, siku hizi mara nyingi wakati wa likizo, na wengi wao bado wako shule ya msingi. Ngoma ikiisha, mwali hutolewa kwa khanga mpya, mafuta na vigelegele, na mtaa mzima unamtazama kwa jicho jipya. Unyago una mafunzo yake ya usafi, heshima na kujitambua, na familia nyingi hazitaki yapotee. Lakini khanga mpya haimwongezei mtoto hata mwezi mmoja. Aliyeingia na miaka 11 anatoka na miaka 11.

Mfikirie binti wa namna hiyo akisubiri kivuko na shangazi yake. Ni mrefu, kifua kimejaa, kafunga khanga. Kijana wa bodaboda anamwita "mrembo", mchuuzi anamwita "mama", na mtu mzima anauliza kwa shangazi kama ana mwenyewe. Ana miaka 13. Hakuna hata mmoja aliyeuliza umri, kwa sababu kila mmoja anaamini ameshauona.

Sheria haikubali utetezi wa macho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, lakini Mahakama Kuu mwaka 2016 iliona vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo Oktoba 2019. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba.

Ila kesi zinazohusu mtoto husimama kwenye uthibitisho wa umri. Unaweza kutolewa na mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa, lakini lazima uwepo. Mzazi akisimama mbele ya hakimu akasema "ana kama kumi na nne, kumi na tano hivi," amemfungulia mlango aliyemdhuru mwanawe.

Hata mashine haikisii vizuri

Wapo wanaodhani hospitali itamaliza ubishi. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono ili kuwabaini wachezaji waliozidi umri. Picha hizo huonyesha mifupa imefikia wapi kuunganika, lakini mifupa nayo hukua kwa kasi tofauti. Makadirio ya namna hii yanaweza kukosea kwa mwaka au zaidi. Ikiwa mashine ya mamilioni inasitasita, jicho la mtu aliyeketi kivukoni lina uhakika gani?

Kinachomaliza ubishi ni karatasi iliyoandikwa mapema. Kadi ya kliniki ya mtoto ina tarehe ya kuzaliwa tangu wiki za kwanza. Itunzwe kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mvua na panya, na ipigwe picha ibaki kwenye simu. Watoto chini ya miaka mitano husajiliwa chini ya mpango wa RITA kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Aliyezidi umri huo bado hajachelewa; ofisi ya wilaya itaeleza utaratibu wake. Mtoto aliyezaliwa Aprili 2019, wiki ambayo Kimbunga Kenneth kilitishia Mtwara kisha kikapiga Cabo Delgado, hana haja ya kufungwa kwenye tukio kama babu yake. Tarehe yake inaweza kuandikwa.

Zaidi ya karatasi kuna maneno. Binti mrefu asiambiwe kila siku kwamba amekuwa mkubwa, akaaminiwa kazi za mtu mzima na kunyimwa mchezo. Kijana mfupi asiitwe mtoto mbele ya wenzake. Na mzazi akisikia mtu anamsifia mwanawe kwa umri asionao, ni vizuri ataje umri halisi palepale, kwa sauti ya kusikika.

Maji yakijaa, watu husimama na kuchukua mizigo. Mama mwenye beseni humpisha mzee mwenye bakora, na shangazi humshika binti mkono. Anayeuliza tena kama ana mwenyewe hujibiwa bila kugombezwa: "Ana miaka kumi na tatu, baba. Yuko darasa la sita."

Aliyeuliza hutazama mtoni.