Picha Ina Wenyewe Wawili

Zamani, ukitaka kuiba picha ya mtu, ilikubidi uingie sebuleni kwake, uichomoe kwenye fremu na utoke nayo umeificha kwapani. Negativu ilikaa studio, ndani ya bahasha yenye namba, na aliyetaka nakala alirudi kwa mpigaji yule yule. Leo mwizi haingii ndani ya mtu. Anagusa kioo cha simu mara mbili tu, basi, picha iko kwake na kwako pia ipo. Ndiyo maana ukimshika anakujibu bila aibu: "Kwani yako si bado unayo?"

Ndugu msomaji, swali hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtoto wa Kibaha, mji wenye mtaa mzima unaoitwa Picha ya Ndege. Nimemaliza kidato cha nne, riwaya yangu bado haijapata mchapishaji, na jioni nashinda katika studio moja ya picha hapa Maili Moja. Kaka mwenye studio akienda harusini mimi nabaki kupokea wateja. Malipo yangu ni kuitumia kompyuta yake kuchapa sura zangu. Maisha ndiyo hayo, jamani.

Mwaka 2023 kaka huyo alipiga picha za sendofu ya binti wa shangazi yangu, kule Kisarawe. Picha moja ilitoka vizuri mno: binti anacheka, ua jekundu limemwangukia begani, na kovu dogo juu ya nyusi linaonekana wazi. Kaka aliomba ruhusa, binti akakubali, picha ikawekwa mtandaoni ikiwa na jina la studio pembeni.

Haikupita miezi miwili, duka moja la vipodozi likatoa tangazo. Kushoto imeandikwa "Kabla", kulia "Baada". Kushoto ni binti wa shangazi kama Mungu alivyomuumba, mweusi wa kung'aa. Kulia ni yeye yule, kawa mweupe kama karatasi. Ua lile lile, begani pale pale. Kicheko kile kile. Kovu tu ndilo halipo, na jina la studio limekatwa pamoja na kona yake.

Wengine walicheka. Lakini binti yule anafundisha chekechea, na wazazi wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Upande wa mume wakauliza: kumbe bibi harusi wetu ni wa mkorogo? Mtu ambaye hajawahi kuupaka hata siku moja akawa analazimika kuapa kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha ina wenyewe wawili: aliyeipiga na aliyepigwa. Mwizi aliwaibia wote kwa mkupuo mmoja, mmoja jasho lake, mwingine sura yake.

Sasa tujiulize, mtu ajilinde vipi? Photoshop ilipotoka mwaka 1990 ilihitaji kompyuta ya bei kubwa na fundi aliyekaa chini akajifunza. Siku hizi kijana yeyote kijiweni anabadilisha rangi ya ngozi kwa kidole, akisubiri chai ipoe.

Njia ya kwanza wanayoikimbilia wengi ni kuandika jina juu ya picha. Jina la pembeni, kama mlivyoona, linakatwa. Ukiliweka katikati, mteja analalamika kwamba umemchafulia harusi. Tena mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kuwa alama ile ile ikirudiwa kwenye picha nyingi, kompyuta inaweza kuitambua na kuifuta yenyewe. Alama inayobadilishwa kidogo kila picha ndiyo inayosumbua kufuta.

Njia ya pili ni kutoa nakala ndogo. Picha yenye upana wa pikseli 1080, ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inafika sentimeta 9 hivi. Ukiivuta iwe bango, inakuwa ukungu. Lakini nayo si dawa kamili, maana tangazo la simu halihitaji ukubwa, na siku hizi kuna programu za kukuza picha na kujaza zisichokiona.

Basi tunabaki na nini? Wahenga walishatuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Faili la asili ndiyo negativu yetu ya leo. Ndani yake kamera huandika tarehe, saa na aina ya kamera, mambo ambayo WhatsApp huyaondoa ukituma picha kwa njia ya kawaida. Na zaidi ya hapo, mwizi ana picha moja, mwenyewe anazo kumi na mbili: binti kabla hajacheka, ua likiwa linadondoka, shangazi akikatiza mbele ya kamera na sahani ya pilau. Hizo kumi na moja hakuna programu iliyomnyang'anya.

Kaka na shangazi walikwenda dukani na kompyuta. Mwenye duka akaja na lile swali lake, kisha akaongeza kwamba picha aliiokota mtandaoni. Shangazi, ambaye hajui Photoshop ni mnyama gani, akamjibu: "Baba, hata kuni za Kazimzumbwi zina wenyewe." Wanaoujua msitu ule na walinzi wake wataelewa kwa nini yule bwana alinyamaza.

Sheria nayo haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na ulinzi huo unaanza kazi inapoundwa, si lazima uisajili kwanza. Hiyo ni kwa mpigaji. Kwa mwenye sura ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kupokea malalamiko. Jirani zetu Kenya wameshaonyesha meno: Septemba 2023 kamishna wao wa ulinzi wa data aliipiga faini klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 za kwao kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto.

Shangazi hakwenda mbali hivyo. Tangazo lilitolewa siku ile ile, fidia hakuna, na nakala bado zinazunguka kwenye magrupu ya watu. Binti alichokitaka ni neno la kuombwa radhi. Hadi naandika haya, hajalipata.

Kwenu waandishi wenzangu, msidhani haya ni ya wapiga picha peke yao. Hadithi unayoituma kwenye kundi nayo hunakiliwa, hukatwa jina, huvalishwa kanzu ya mtu mwingine. Tunza rasimu zako zote, hata zile chafu zenye mistari iliyokatwa, kwa sababu mwizi huiba kazi iliyokamilika. Hawezi kuonyesha ilikotoka.

Na ukiandika habari za mtu aliye hai, kumbuka shangazi yangu. Kalamu nayo inaweza kufuta kovu la mtu bila kumuuliza, na lile kovu ni la kwake.