Mjomba, Mnara wa Saa na mahali tulipopishana

Mliosema nimehama mji mmenionea, ni mbio za mhariri tu. Leo nivumilieni niongee hisabati. Msikimbie!

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua, mjomba wangu alikuwa na kizimba cha mbegu mle ndani. Mimi ripota mpya, nimepanga chumba karibu na Mnara wa Saa. Nampigia, hapatikani. Nikatoka mbio kwa Uhuru, nikapita Mnazi Mmoja hadi kwenye umati. Kila niliyemuuliza hakumwona. Ule moshi, jamani, tuuache.

Kumbe naye ananitafuta. Nilikuwa nimemwambia jioni ile ningepita kizimbani kuchukua hela ya kodi, akahofia nimo ndani. Mimi naenda kwake, yeye anakuja kwangu.

Mlimani tuliwahi kufundishwa jambo hili. Mmoja anatoka Mnara wa Saa, mwingine Kariakoo, njia ni moja, wanaanza na kumaliza pamoja. Lazima wakutane. Mwanzo mmoja yuko upande wa Posta, mwisho yuko upande wa pili. Katikati umbali kati yao lazima uwe sifuri, maana hakuna anayeruka. Kimbia, simama ununue maji, haibadiliki.

Solomon Lefschetz alipoteza mikono yote miwili kwenye ajali kazini mwaka 1907, akaacha uhandisi akawa mwanahisabati. Katika miaka ya 1920 alionyesha jinsi ya kukokotoa namba moja tu: isipokuwa sifuri, kukutana kupo, hata kama hujui wapi. Ikiwa sifuri, haikuahidi kitu.

Chukua saa ya mishale. Mshale mrefu ukizunguka mara 12, mfupi unazunguka mara 1. 12 toa 1, wanakutana mara 11, si 12 kama nilivyobisha darasani. Wako pamoja saa sita kamili, halafu saa saba na dakika tano na ushee, wanaendelea hivyo. Hata saa ikiwa mbovu, mara inakimbia mara inagoma, ilimradi mizunguko ile itimie bila mshale kuruka, haipungui 11. Hicho ndicho kilichonivutia: huhitaji kujua mwendo, unahesabu mizunguko.

Sasa usiku ule hesabu ilitutupa vipi? Haikututupa. Mjomba hakupita Uhuru. Alishuka Msimbazi hadi Kamata, akaingia mjini kwa Nkrumah. Penye njia mbili mnaweza kuzungukana msigusane. Yeye anagonga mlango wangu, mimi niko Kariakoo nachungulia nyuso za watu.

Alfajiri miguu ilikataa. Nikakaa Mnazi Mmoja, pembeni ya Uhuru. Safari hii alirudi kwa njia hiyo.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Alinishika kichwa kwanza, akakigeuza kama anachagua tikiti maji. Ndipo akasema, "Marahaba. Ulikuwa wapi wewe?"

Kizimba kiliteketea, pamoja na daftari la wanaomdai na anaowadai (wa kundi la kwanza walijitokeza bila daftari, si mnajua tena).

Mpaka leo tukipanga kuonana mjini, kabla ya kuniuliza saa ngapi ananiuliza, "Unapita Uhuru au Msimbazi?"